Akili Moja kwa Wengi: Ibn Rushd na Kumbukumbu ya Pamoja ya Kompyuta

Swali la iwapo wanadamu wote hufikiri kwa akili moja, au kila mtu ana akili yake, liliwagawa vikali wanazuoni wa Zama za Kati, na hatimaye lilifika mbele ya askofu wa Paris, Étienne Tempier, ambaye tarehe 10 Desemba 1270 alizilaani hoja 13 zilizokuwa zikijadiliwa katika chuo kikuu cha mji huo, ya kwanza ikiwa ile iliyodai kwamba akili ya watu wote ni moja kwa idadi. Chanzo cha hoja hiyo kilikuwa Ibn Rushd, kadhi na tabibu aliyezaliwa Córdoba mwaka 1126 na kufariki Marrakesh mwaka 1198, ambaye ufafanuzi wake mrefu wa kitabu cha Aristotle kuhusu nafsi uliwafikia Wakristo kwa Kilatini. Karne saba baadaye wahandisi wa kompyuta, ambao hawakuwa na habari na ugomvi huo wala haja ya kuutatua, walijenga kitu chenye umbo linalofanana sana na lile alilolieleza Ibn Rushd: sehemu moja ya kumbukumbu inayotumiwa kwa wakati mmoja na programu kadhaa, huku kila programu ikiwa imefungiwa katika ulimwengu wake. Hakuna haja ya kuamini kwamba mashine hufikiri ili kufaidika na mfanano huo. Inatosha kukubali kwamba mashine ni mahali ambapo mtu anaweza kuona, hatua kwa hatua, ni nini hasa kinachohitajika ili kitu kimoja kiwe cha wengi, na kwamba kumilikiwa mahali pamoja ni jambo moja na kujulikana pamoja ni jambo jingine kabisa.

Mchakato, katika istilahi za kompyuta, ni programu iliyo katika hali ya kutenda kazi, yaani maagizo yake pamoja na data zake na hatua iliyofikia. Mfumo endeshi, ambao ni programu kuu inayogawa rasilimali za mashine, huupa kila mchakato anwani zake wenyewe za kumbukumbu, na anwani hizo hazitaji moja kwa moja mahali halisi ndani ya chipu, kwa sababu kila anwani hutafsiriwa kwanza na maunzi kwa kufuata jedwali ambalo mfumo endeshi umeliandaa kwa ajili ya mchakato huo peke yake. Tafsiri hiyo hufanyika ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa wa kawaida katika mashine nyingi za leo una baiti 4,096. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyoanza kazi mwaka 1962, ndiyo iliyoonyesha kwamba jambo hili linawezekana, na matokeo yake ni kwamba michakato miwili inaweza kutaja anwani ileile bila kugongana, kwa kuwa kila mmoja hupelekwa mahali pake. Mchakato haujui kwamba kuna michakato mingine. Hauna njia ya kuitaja, kwa sababu kila anwani unayoweza kuitamka ni anwani ya ndani ya ulimwengu wake. Utengano huu uliwekwa makusudi, ili kosa la programu moja lisiharibu kazi ya nyingine, na kila mtu ambaye programu moja imemfia mikononi huku nyingine zikiendelea amenufaika nao.

Utengano kamili, hata hivyo, ungeifanya mashine isiwe na manufaa, na kwa hiyo ziko njia mbili kuu za kuufungua. Njia ya kwanza ni ya ujumbe: mchakato mmoja huukabidhi mfumo endeshi data, mfumo endeshi hunakili data hizo katika hifadhi yake, kisha huzinakili tena katika kumbukumbu ya mchakato wa pili, ili kwamba pande mbili zisigusane kamwe na kila tendo kati yao lipitie kwa mamlaka ya juu. Msomaji aliyepitia elimu ya itikadi ya Kiislamu atatambua hapa sura ya hoja ya Al-Ghazali, aliyeandika katika suala la 17 la kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa kwamba pamba ikikaribiana na moto, si moto unaoiunguza, kwani kuungua huumbwa na Mungu palepale vitu hivyo viwili vinapokutana. Kulinganisha mfumo endeshi na Muumba ni utani zaidi kuliko hoja, lakini umbo la fikra ni lile lile: viumbe wawili wasio na uwezo wa kugusana, na wa tatu anayesimamia kila mguso. Njia ya pili ni ya kumbukumbu ya pamoja. Hapa mfumo endeshi huingilia mara moja tu, mwanzoni, kwa kuandika katika majedwali ya michakato yote miwili kwamba ukurasa fulani halisi ni wa wote, kisha hujitoa. Kuanzia hapo kinachoandikwa na mmoja kiko tayari mbele ya mwingine bila nakala wala mjumbe, na ndiyo sababu njia hii ina kasi kuliko zote. Vifaa vya kuitumia vilipata umbo lao la mwanzo katika toleo la mfumo endeshi wa Unix lililotengenezwa kwa matumizi ya ndani ya Bell Labs huko Columbus, Ohio, kabla ya kuenea duniani kupitia Unix System V ya mwaka 1983.

Ibn Rushd alikuwa na tatizo linalofanana na la wahandisi hao, ingawa alilifikia kutoka upande mwingine. Mwalimu na mwanafunzi wanapoielewa kanuni ileile ya jometria, wanaelewa kitu kimoja na si viwili. Kama kila mmoja angekuwa na kanuni yake katika akili yake, kungehitajika kanuni ya tatu ya kuthibitisha kwamba hizo mbili ni sawa, na ya nne ya kuthibitisha hiyo ya tatu, bila mwisho. Akahitimisha kwamba akili inayopokea maarifa ni moja, haina mwili, haifi, na ni ya wanadamu wote. Kinachomtofautisha mtu mmoja na mwingine ni picha za hisia na kumbukumbu zilizomo katika ubongo wake, ambazo ni zake peke yake na hufa pamoja naye, na ni kwa njia ya picha hizo kwamba kila mtu huunganika na akili ya wote. Kila wazo, kwa hiyo, lina makao mawili: lina makao katika akili ya pamoja, ambako hupata kuwapo kwake, na lina makao katika picha za mtu binafsi, ambazo hulifanya liwe wazo la kweli kuhusu kitu fulani.

Thomas wa Akwino, katika kijitabu alichokiandika mwaka 1270 dhidi ya wafuasi wa fundisho hilo, aliijibu nadharia ya makao mawili kwa mfano ambao haujapoteza makali. Rangi ya ukuta, alisema, imo katika jicho la mtazamaji, lakini hakuna asemaye kwamba ukuta unaona; ukuta unaonwa. Vivyo hivyo, ikiwa mchango wa mtu katika kufikiri ni picha zake tu, na akili inayozisoma iko nje yake, basi mtu huyo hafikiri, bali anafikiriwa. Nyuma ya mantiki hiyo palikuwa na wasiwasi wa kidini ulio mzito zaidi: kama kinachobaki baada ya kifo ni akili moja ya wote, thawabu na adhabu zitamwendea nani?

Ukurasa wa kumbukumbu ya pamoja unaanza kwa kumpa Ibn Rushd haki yake. Mfumo endeshi unapouingiza ukurasa mmoja katika michakato miwili, hauahidi kwamba utaonekana kwa anwani ileile pande zote mbili. Mara nyingi mmoja huuona katika anwani moja na wa pili katika nyingine iliyo mbali nayo, na matokeo yake ni kwamba kielekezi, yaani namba inayotaja mahali fulani katika kumbukumbu, kikiandikwa na mchakato wa kwanza ndani ya ukurasa huo, kitaupotosha mchakato wa pili, ambao ukikifuata utajikuta katika chumba kisichohusika au utauawa na mfumo endeshi kwa kukanyaga pasipo pake. Waandishi wa programu wenye uzoefu huepuka mtego huo kwa kuandika umbali kutoka mwanzo wa ukurasa badala ya anwani. Kitu ni kimoja kwa idadi, kama alivyodai mfafanuzi wa Córdoba, na bado kila anayekifikia hukifikia kwa jina lisilo na maana nje ya nafsi yake. Umoja wa kitu na ubinafsi wa njia ya kukifikia vinakaa pamoja bila mgongano wowote, na wale waliodhani kwamba fundisho la Ibn Rushd linajipinga lenyewe kwa kuvikubali vyote viwili walikosea.

Hata hivyo ukuta wa Thomas bado umesimama. Mchakato unaweza kuunganishwa na ukurasa wa pamoja kwa siku nzima bila kusoma hata baiti moja, na ukisoma, utakuta namba tu, kwa sababu baiti nne zinazofuatana zinaweza kuwa idadi, au herufi nne, au sehemu ya picha, na hakuna lolote ndani yake linalosema ni kipi. Maana inatoka katika mapatano yaliyofanywa kabla, kwa kawaida katika msimbo ambao michakato yote miwili imejengwa kwao, kwamba mahali fulani pana idadi na mahali fulani pana jina. Mtu anaweza kupendekeza kwamba mapatano hayo yenyewe yaandikwe mwanzoni mwa ukurasa, na hufanyika hivyo, lakini ili kuyasoma panahitajika mapatano mengine kuhusu lugha yake, na mapatano hayo ya pili hayawezi kuwekwa mahali pamoja na ya kwanza isipokuwa kwa kuanza safari isiyo na kikomo. Ibn Rushd alitumia safari isiyo na kikomo kuthibitisha kwamba kanuni lazima iwe moja. Hapa safari ileile inamrudia, kwa kuwa kuwepo kwa kitu kimoja hakumalizi swali la jinsi wawili wanavyojua kwamba wanakisoma kwa namna moja.

Ugumu mkubwa zaidi unatoka kwenye wakati. Chukulia idadi iliyoandikwa katika ukurasa wa pamoja, tuseme 10, ambayo kila mchakato unatakiwa kuiongezea moja. Kuongeza ni matendo matatu: kusoma, kujumlisha na kuandika. Mchakato wa kwanza ukisoma 10, na wa pili ukasoma 10 kabla ya wa kwanza kuandika, wote wataandika 11, na ongezeko moja litapotea bila alama yoyote kuonyesha kwamba liliwahi kuwapo. Hakuna aliyeisoma vibaya idadi hiyo, wala aliyejumlisha vibaya. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyelichambua tatizo hili kwa kina katika maandishi yake ya mwaka 1965, alionyesha kwamba dawa ni zamu, yaani kuhakikisha kwamba sehemu fulani ya kazi haifanywi na zaidi ya mchakato mmoja kwa wakati mmoja, na akapendekeza semafori, namba maalumu inayolinda mlango wa sehemu hiyo. Katika maandishi hayo pia alieleza suluhisho la mwenzake Dekker, ambalo halihitaji kifaa chochote maalumu: kila mchakato hutangaza nia yake kwa kuandika alama, kisha hutazama alama ya mwenzake kabla ya kuingia, na wote wakiwa na nia, hupishana kwa utaratibu uliopangwa.

Uthibitisho wa Dekker ni sahihi, na bado suluhisho hilo likiandikwa kama lilivyo kwa prosesa za leo linaweza kushindwa. Sababu ni kwamba prosesa, ili isipoteze muda, haipeleki kila inachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu; hukiweka kwanza katika bafa yake ya ndani, yaani hifadhi ndogo ya kusubiria, na kuendelea na agizo linalofuata. Kwa hiyo inawezekana prosesa mbili ziandike alama zao, kisha kila moja isome alama ya mwenzake na kuikuta tupu, kwa kuwa maandishi ya mwenzake bado yamo katika bafa ya mwenzake. Kila upande umetangaza, na hakuna upande uliosikia. Suluhisho la Dekker lilikuwa limechukulia, bila kulisema, kwamba iko sasa moja kwa wote, na kwamba kilichoandikwa sasa kimeandikwa sasa kwa kila mtazamaji. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba katika mifumo ya mashine zinazotumiana ujumbe, baadhi ya matukio hayana la kwanza na la pili, na mwaka 1979 alieleza sharti ambalo kumbukumbu inapaswa kulitimiza ili matendo ya prosesa zote yaonekane kana kwamba yamepangwa katika mstari mmoja. Prosesa nyingi zinazouzwa hazilitimizi sharti hilo zenyewe. Anayelihitaji hana budi kuliomba kwa agizo linaloitwa kizuizi cha kumbukumbu, ambalo huilazimisha prosesa isubiri mpaka maandishi yake yawe yameonekana na wengine. Sasa ya pamoja hupatikana kwa gharama, na hudumu kwa muda mfupi tu.

Je, hoja hii inamgusa Ibn Rushd? Kwa haraka mtu angesema inamwangusha, kwa kuwa akili moja inayopokea kutoka kwa watu maelfu kwa mpigo ingekumbwa na vurugu kubwa kuliko ukurasa wowote wa kompyuta. Jibu lililo la haki kwake ni jingine. Iko aina ya kumbukumbu ya pamoja isiyohitaji kufuli wala zamu wala kizuizi, nayo ni ile ambayo hakuna anayeruhusiwa kuiandika. Katika mashine ya kawaida ya Linux, maktaba ya msingi ya lugha ya C, ambayo karibu kila programu huitegemea, maagizo yake hukaa mara moja tu katika kumbukumbu halisi na kusomwa na mamia ya michakato, kila mmoja kwa anwani yake, na hakuna ugomvi wowote unaotokea, kwa sababu kisichobadilika hakina kabla wala baada. Akili ya Ibn Rushd ni ya aina hii. Anachokiweka ndani yake ni kweli za jumla, kama zile za jometria na mantiki, ambazo haziwezi kuwa hivi leo na vile kesho. Aliziacha nje, katika picha za kila mtu, habari zote zinazobadilika: nani anadaiwa nini, nani aliahidi nini, mvua imenyesha wapi. Fundisho lake ni salama kwa kiasi kilekile linachokwepa, na hapo ndipo panapoonekana kwa nini mwanateolojia hakuweza kuridhika nalo, maana dini haimhukumu mtu kwa jometria. Humhukumu kwa ahadi, madeni na ushahidi, yaani kwa yale mambo ambayo hayawezi kuwa ya wengi bila zamu.

Zamu nayo haina mlinzi. Kufuli la kumbukumbu ya pamoja ni namba iliyokaa ndani ya kumbukumbu hiyohiyo, na mchakato usiojali unaweza kuipita na kuandika utakapo, kwa kuwa maunzi hayajui kwamba namba ile ni kufuli. Inayolindwa ni amana, na amana huvunjwa hata bila nia mbaya, kama pale mchakato unapokufa ukiwa umeshika kufuli na data zikiwa nusu zimebadilishwa. Hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo huupa kila muunganisho wa mtumiaji mchakato wake na kuiunganisha michakato hiyo kwa kumbukumbu ya pamoja, ina kanuni kali kuhusu tukio kama hilo: mchakato mmoja ukianguka kwa namna isiyo ya kawaida, mchakato mkuu huiamuru mingine yote ikome, kumbukumbu ya pamoja hutupwa na kujengwa upya, na hali ya data hurejeshwa kutoka katika daftari la mabadiliko lililoandikwa kwa mfuatano kwenye diski. Kwa mtazamo wa kwanza hii ni adhabu ya wengi kwa kosa la mmoja, na mtu anaweza kuiona kuwa ni dhuluma. Lakini michakato mingine haikomeshwi kwa kuwa na hatia. Hukomeshwa kwa sababu hakuna awezaye kushuhudia kwamba alichokisoma hakikuguswa, kwani ukurasa wa pamoja huhifadhi kilichoandikwa na hauhifadhi aliyekiandika. Ujumbe una mtumaji. Daftari lina mfuatano. Ukurasa una hali yake ya sasa tu. Hilo ndilo pengo ambalo Thomas alilihisi alipouliza habari za thawabu: palipo na akili ya wote pekee, tendo lipo lakini mtendaji amepotea, na hukumu ikitakiwa itabidi itafutwe katika kumbukumbu nyingine inayomtaja kila mtu kwa jina na kila tendo kwa zamu yake. Dini zote mbili zilizoshiriki katika ubishi huo zinafundisha kwamba kumbukumbu ya namna hiyo iko, na kwamba haiko mikononi mwa wanaohukumiwa.

Linabaki suala la kifo. Sehemu ya kumbukumbu ya pamoja iliyoundwa kwa utaratibu wa System V haifi pamoja na mchakato ulioiunda. Hubaki mpaka ifutwe kwa amri au mashine izimwe, na msimamizi wa mfumo anayetumia amri ya ipcs huweza kukuta sehemu ambazo idadi ya michakato iliyounganishwa nazo ni sifuri. Data zimo kamili, lakini msimbo unaojua mpangilio wake hautendi kazi popote. Ibn Rushd aliiona hatari ya namna hii katika nadharia yake, kwamba akili ya pamoja ingeweza kubaki bila mtu yeyote wa kuiunganisha na picha za dunia, akaizuia kwa kudai kwamba jamii ya wanadamu ni ya milele na kwamba wakati wowote, katika sehemu fulani ya ardhi inayokaliwa, yuko anayefikiri. Waislamu na Wakristo walioamini kwamba dunia ina mwanzo na mwisho hawakuweza kumfuata huko. Utaratibu huohuo wa Unix, hata hivyo, una hali nyingine iliyo kinyume: sehemu ikifutwa katika Linux wakati bado iko michakato iliyounganishwa nayo, haiharibiwi papo hapo, ila huwekewa alama, na waliomo huendelea kuitumia mpaka wa mwisho wao ajitenge, na hapo ndipo inapotoweka. Kati ya kitu kinachoishi bila wa kukijua na kitu kinachoishi kwa kadiri tu wanaokijua wanavyoishi, Ibn Rushd alilazimika kukataa vyote viwili ili akili yake ibaki ya milele na wakati huohuo ibaki ya watu. Wahandisi wameviruhusu vyote, na kumwachia msimamizi wa mfumo uamuzi wa lini kufuta.